Kamba ya Pakacha

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, maana sauti yangu siku hizi ni ndogo. Hapo zamani za kale, siku ya Ijumaa, mwezi kumi na mbili Rajabu, saa kumi alasiri, alifariki mtu aliyeitwa Mwinjuma. Aliacha mke, Bi Mwanaidi, na mbwa, Pakacha.

Mwinjuma alikuwa na kawaida yake. Kila asubuhi alimfunga Pakacha kamba ya ukindu, wakafuata njia ya msituni kando ya mto. Kamba ile aliisuka ndefu ili mbwa atangulie mbali, pua yake isije ikainajisi kanzu, kwani akitoka huko hupitia msikitini. Wakifika kwenye gogo la mkuyu waliketi kimya, wakatazama wanyama wanakunywa maji. Na wanyama walikuwa wamepatana naye jambo moja tu: mbwa apite, ila kamba yake iwe mkononi mwa mtu.

Mwinjuma alipofariki, watu walitumwa kila kijiji kupeleka habari ya msiba. Bi Mwanaidi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Kamba ikabaki kwenye kigingi ukutani.

Pakacha akangoja, akangoja, akangoja. Mwishowe akaenda mtoni peke yake, akinusa njia yote. Kulungu aliyekuwa akinywa maji akainua kichwa.

"Mwenye kamba yuko wapi?"

"Namtafuta," akajibu Pakacha.

Kulungu hakuamini. Mbwa hana kamba, ananusa ardhi, huyo amekuja kuwinda. Akakimbia, na msitu wote ukakimbia nyuma yake.

Mara ya pili alimkuta Kima juu ya mti. Kima akamcheka, akamwambia ametoroka kama mwari aliyechoka kufungiwa ndani. Kisha akaacha kucheka.

"Mwenye kamba yuko wapi?"

"Namtafuta."

Kima akamtupia matawi makavu mpaka akaondoka.

Mara ya tatu Kiboko alitoka majini. Aliuliza vilevile, akajibiwa vilevile. Akampasua Pakacha sikio, akaapa kwamba akimwona tena peke yake atamuua.

Pakacha akarudi na damu shingoni. Akamweleza Bi Mwanaidi yote, naye akamwosha jeraha.

"Basi usiende tena, baba," akamwambia.

"Nikikaa, nani atamtafuta?"

Bi Mwanaidi akamfunga sikio kwa kitambaa. Akamwomba angoje, eda yake imebaki siku tisa. Pakacha akalala mlangoni siku zote tisa, macho kwenye kigingi.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanaidi alioga, akasali, akaitungua kamba. Alikuwa hajawahi kuishika. Ilikuwa laini pale mkono wa mumewe ulipozoea kukaa. Wakaenda polepole mpaka kwenye gogo la mkuyu, na Kiboko akainuka majini.

"Mwenye kamba yuko wapi?"

Bi Mwanaidi akasema, "Nimewaletea habari ya msiba. Mwinjuma amefariki, ni mwezi wa tano sasa. Tulituma watu kila kijiji, huku kwenu hatukumtuma mtu. Nisameheni, jamaa zangu."

Kulungu akatoka vichakani akasimama. Kima akashuka. Kiboko akazamisha kichwa mpaka masikio, akakaa hivyo kitambo kirefu, ndiyo namna yake ya kutoa pole. Alipoinuka akauliza kwa upole, "Na huyu mbwa, nani alimwambia?"

Bi Mwanaidi akamtazama Pakacha. Hapakuwa na mtu aliyemwambia.

Akaketi juu ya gogo, mahali pa mumewe, akamwita.

"Pakacha, bwana wako hayuko huku. Tumemzika. Usimtafute tena."

Pakacha akalinusa gogo lote, upande huu na upande ule. Kisha akajilaza miguuni pa Bi Mwanaidi, akaacha kunusa. Kulungu akarudi kwenye maji. Wakaketi wote kimya, wakamtazama akinywa. Na kutoka siku hiyo, kila asubuhi, kamba ilikuwa mkononi mwa Bi Mwanaidi.

Ngano yangu nimeifikisha mtoni, nami naiacha hapo.

Inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu Mwinjuma, warehemu waliowatangulia ninyi mlioketi hapa, na umrehemu na wangu aliyenitangulia. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Na aliyebaki bila kuambiwa, mpelekee mtu wa kumwambia kwa upole. Amina.