Jiliwa Lililoegemea Kushoto

Mbaazi ni mmea usiodai makuu. Udongo mkavu unauweza, jua kali unalivumilia, na mvua kidogo inautosha. Kwa hiyo mbaazi ukisimama shambani bila ua hata moja, kisha ukaanza kuyalaumu mawingu, haustahili huruma ya mtu. Wahenga waliponena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia mvua, walimlenga mtu anayeharibu kwa mkono wake mwenyewe, halafu akawatafutia wenzake kesi. Mtu wa namna hiyo anachosha. Akiwa jirani yako unaweza kuhama mtaa. Akiwa baba yako mzazi, utahamia wapi?

Nukta alikuwa na baba wa namna hiyo. Jina hilo alipewa utotoni kwa udogo wa umbo lake, nalo likamganda. Baba yake aliitwa Mkaguzi na mtaa mzima, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikagua mizani za madukani. Akitokea mlangoni na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, wauzaji walitokwa na jasho jembamba. Hakula mlungula, hilo tumpe haki yake. Lakini kutafuta makosa ya watu kulimzoesha vibaya, hata akaamini kwamba kosa ni kitu kinachoishi kwenye nyumba za wengine.

Alipostaafu alinunua mashine ndogo ya kuchonga chuma, akaiweka katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Alitamani kutengeneza injini ndogo kwa mikono yake, ya kujifurahisha tu, izunguke mezani na wageni waishangae. Mashine ilikuwa nzuri na meza yake ya chuma ilikuwa imenyooka, ila haikuja na jiliwa, yaani kile kibanio kizito kinachofungwa juu ya meza ili kukishika chuma kisitikisike kinapochongwa. Jiliwa likienda upande, kila kitakachochongwa humo kitakwenda upande.

Nukta na mumewe, aliyejulikana kwa jina la Spana, walikuwa na duka la vifaa vya mafundi. Waliamua kumpa mzee jiliwa liwe zawadi, na walilichagua kama watu wanaochagua mchumba. Walifungua maboksi yote yaliyokuwa dukani. Spana alisukuma taya la kila jiliwa akisikiliza kama linacheza. Nukta aliweka kipimapembe cha chuma kwenye kona na kutazama kama mwanga unapenya. Moja lilimetameta kuliko mengine yote, lakini lilipokazwa, taya lake liliinuka kidogo na kukiinua chuma lilichokishika.

"Hili hapana," Nukta alisema. "Baba ataliona hata kabla hajavua viatu."

Lililobaki mwisho lilikuwa la kijivu, halina urembo wowote. Lakini lilipokazwa lilitulia tuli, na mwanga haukupata pa kupenya.

"Hili hapa," Spana akasema kwa furaha. "Mzee akipata kosa kwenye hili, mimi nafunga duka."

Walilipeleka siku hiyohiyo. Mkaguzi alilipokea bila ya asante, akalipachika mezani, akakuta boliti alizonazo haziingii kwenye mifereji ya meza. Akalitoa, akalibeba mikononi, huku akifoka.

"Mume wangu, si umeona boksi lina kitu chini ya karatasi?" mama yake Nukta alimwambia. "Labda boliti zake ni hizo."

"Usinifundishe kazi!" Mkaguzi alinguruma, akalibwaga jiliwa juu ya meza ya mashine. Hakuliweka, alilibwaga. Kona yake iliipiga meza kwa kishindo kilichovitikisa vikombe jikoni.

Chuma kikipigwa hivyo hubonyea, na ukingoni mwa kibonyeo huinuka kinundu kidogo kama kipele. Mwenye akili zilizotulia angeinama akatazama. Mkaguzi hakutazama. Boliti zilikutwa chini ya karatasi, kama alivyoambiwa, na jiliwa likafungwa palepale, juu ya kinundu alichokizaa yeye mwenyewe. Kisha akapitisha kipimo chake cha sindano, na sindano ikahama.

"Limeegemea kushoto!" alisema, na uso wake ukaiva. "Nimeletewa takataka nyumbani kwangu!"

"Baba, naomba tulifungue tupime upya," Spana alisema kwa adabu zote za mkwe.

"Unifundishe kupima? Mimi? Wewe nimekupa binti, na wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Lichukue na mtoke!"

Nukta alilibeba jiliwa hadi nyumbani amelipakata, machozi yakimlenga kwa hasira. Yeye mwenyewe alikuwa amelipima. Alikijua alichokiona.

Lau mzee angeishia hapo, yangekuwa ya nyumbani yakaisha nyumbani. Hakuishia. Alizunguka mtaani akamwaga mtama kwenye kuku wengi. Alisimama mbele ya duka la mkwewe na kuwaambia wanunuzi, "Pimeni kabla hamjalipa. Mimi nimeletewa lililopinda, na mimi ni mkwe!" Neno la Mkaguzi lilikuwa na uzito, kwa sababu watu walikumbuka uadilifu wake. Wakaanza kusema lisemwalo lipo. Mafundi waliokuwa wakishinda pale dukani wakahamia duka la mkabala, na mwenye duka lile akawa anacheka peke yake. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Likaja pigo kubwa zaidi: mkuu wa karakana ya chuo cha ufundi, aliyekuwa amekubali kuagiza majiliwa ya wanafunzi kwa Spana, alituma ujumbe kwamba anasita. Angepita Jumamosi alasiri asikie kuna nini. Bila oda ile duka lisingemaliza mwezi.

Wakati huo Mkaguzi alikuwa ananunua majiliwa kwingine na kugombana na kila muuzaji. La pili alilirudisha kwa matusi. La tatu aliliazima kwa fundi mmoja mstaarabu, akalirudisha kwa kumwita tapeli. La nne lilikuwa bado mezani Jumamosi ile asubuhi, Nukta alipoingia chumba cha nyuma bila kubisha hodi, akiwa na jiliwa lake la kijivu kifuani.

"Shikamoo, baba. Na hilo nalo limepinda?"

"Marahaba. Limepinda kama mengine. Viwanda vya siku hizi vimejaa wezi."

"Limeegemea upande gani?"

"Kushoto."

"Na la tatu?"

"Kushoto."

"Majiliwa manne, ya viwanda vinne, yote yamekula njama yaegemee kushoto kwako wewe tu?" Nukta alisogea hadi kwenye mashine. "Toa hilo. Litoe, baba!"

Hakumngoja. Alilifungua mwenyewe, akafunga lile la kijivu mahali pake, akapitisha kipimo. Sindano ikahama: kushoto. Akalifungua tena, akaligeuza, mbele ikawa nyuma, akalikaza. Kama ubovu ungekuwa wa jiliwa, sasa lingeegemea kulia. Sindano ikahama kushoto vilevile.

Mkaguzi aliitazama sindano ile. Mtihani huo aliujua. Kila mizani aliyoikagua maishani aliihamishia mawe kutoka sahani hii hadi sahani ile, aone kama kosa ni la mawe au ni la mizani yenyewe. Wauzaji wangapi aliwaumbua kwa mtihani huo! Kwake hakuufanya hata siku moja.

Nukta aliondoa jiliwa, akapitisha kidole juu ya meza tupu. Kidole kikakwama.

"Weka kidole chako hapa," alisema. "Hapa! Hiki ni kishindo chako cha siku ile. Umeibomoa meza yako kwa hasira zako, ukamchafulia jina mume wangu mtaa mzima! Amekukosea nini mume wangu? Kukuheshimu?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Nilikwambia kuhusu boliti," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwambia."

Mkaguzi alichukua jiwe la kunolea, akalipaka mafuta, akakisugua kinundu polepole mpaka kidole kikapita bila kukwama. Jiliwa la kijivu liliporudishwa, sindano haikutikisika hata kidogo. Lilikuwa limenyooka tangu mwanzo.

"Basi," alisema bila kumtazama mwanawe. "Yamekwisha."

"Hayajaisha. Uliyasema barabarani, utayafuta barabarani. Twende."

Alilifungua jiliwa, akalibeba, naye baba akamfuata. Dukani walimkuta mkuu wa karakana ameketi kwenye kiti cha mbao, na Spana amesimama mbele yake kama mshitakiwa. Mafundi wa mkabala waliacha kazi zao wakasogea. Nukta aliliweka jiliwa juu ya kaunta.

"Baba ana neno," alisema.

Mkaguzi alikohoa. "Jiliwa hili... nimelipima tena. Halina tatizo. Ila meza ya mashine yangu ilikuwa na kinundu. Chuma cha siku hizi ni laini mno, ukikigusa tu kinabonyea."

"Nani alikigusa?" Nukta aliuliza.

"Ilitokea. Boliti zilikuwa zimefichwa chini ya karatasi. Mtu gani anaficha boliti chini ya karatasi? Halafu mama yako akawa ananiongelesha wakati nimebeba mzigo."

Kicheko kilipasuka miongoni mwa mafundi. Mkuu wa karakana hakucheka. Alichukua kipimapembe kilichokuwa juu ya kaunta, akakiegemeza kwenye taya la jiliwa, akatazama mwanga, kisha akalikaza na kulilegeza mara kadhaa.

"Mzee," alisema, "nilikuja kusikia kasoro za jiliwa. Nimesikia za kwako." Akamgeukia Spana. "Kijana wangu, oda yetu iko palepale. Jumatatu nitaleta gari."

Spana alishusha pumzi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Na hapo, mbele ya watu wote, Mkaguzi akachanua tabasamu.

"Mmeona?" alisema. "Nisingekuja kuwaeleza mimi, mngeikosa hiyo oda."

Spana, kwa wema wake uliopita kiasi, alikuwa tayari analisukuma jiliwa kuelekea kwa mkwewe. Nukta akaliwekea mkono juu.

"Hili halitoki hapa," alisema. "Baba, siku utakayosimama hapa ukasema 'nimekosa mimi', bila 'ila', bila boliti, bila mama, nitakuletea mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Mpaka siku hiyo, usiniulize."

"Unaninyima mimi baba yako kitu cha chuma?"

"Ulininyima mimi mwanao neno moja."

Mkaguzi aliondoka akisonya. La nne alikwisha kusema limepinda, na kwa kiburi hakulipima tena, akalirudisha kwa muuzaji wake, naye huyo akaapa hatamuuzia tena hata msumari. Wauzaji wengine walikuwa wamekwisha kumchoka zamani. Meza ya mashine ikabaki tupu, imenyooka, imesafishwa, haina cha kuushikia hata mche mdogo wa chuma. Miezi ikapita. Nukta alikuja kumwona mama yake jikoni, akamwamkia baba yake kwa heshima, akaondoka. Jiliwa la kijivu alilipita kila siku dukani, nalo lilimsubiri mzee aje kusema maneno mawili.

Hakuja kuyasema. Mgeni akifika nyumbani kwake humwongoza hadi chumba cha nyuma, akamwonyesha mashine na vipande vya chuma ambavyo havijaguswa. Mgeni akiuliza injini iko wapi, Mkaguzi hutikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Ingekuwa inazunguka zamani," husema, "ila binti yangu ameninyima jiliwa." Mbaazi ukikosa maua husingizia mvua.