Maiti Iliyopiga Teke

Bwana Mkwizu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, alitaka kuichukua injini ya kusagia mahindi ya mama yake Semeni kama chuma chakavu.

"Imekufa," aliwatangazia majirani. "Hata betri haina!"

"Kweli, baba," alisema Semeni. "Mimi hata kuku mwenye vifaranga hunikimbiza, nitabishana na wewe? Nishikie tu huu waya wa plagi ya injini, nivute kamba ya kuwashia tumuage marehemu. Mimi mikono inatetemeka."

Mkwizu akacheka, akaushika. Semeni akavuta. Mkwizu aliruka, akaangukia gunia la pumba.

"Umeme umetoka wapi?"

"Kwenye magneto, baba. Ikizungushwa hujitengenezea umeme wake. Platini tu, vile vyuma vidogo vya kukatia umeme ndani yake, ndizo zilikuwa chafu. Nilizipiga msasa asubuhi, huku nikitetemeka." Akaikunja kamba. "Na maiti inayopiga teke haizikwi."