Jibu la Nahodha Asubuhi ya Fainali

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, mwaka 2017, saa tatu kamili asubuhi, Roselida Nekesa Barasa aliketi mezani katika hoteli ya ugenini, chai ikipoa mbele yake. Ndugu zangu, nawapa mfano; msiutafute magazetini. Nekesa alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya raga ya ligi, ule mchezo wa watu kumi na watatu kila upande. Siku hiyo ilikuwa ya fainali ya mashindano ya kimataifa, na nchi yao haikuwa imepata kufika hapo.

Mkabala naye aliketi Jerotich, jezi namba kumi na moja, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Jumatano, katika nusu fainali, Jerotich alikuwa amegongwa kichwani kwa goti. Kanuni ilisema wazi: aliyegongwa kichwa hachezi mpaka muuguzi wa timu aridhike na kutia sahihi.

"We Jerotich!" mwenzao mmoja alimtania. "Kijiko cha tano cha sukari hicho! Unakunywa chai au unapika kashata?"

Meza nzima ikacheka. Jerotich naye alicheka, lakini alichelewa, kama mtu aliyesikia kicheko kutoka chumba cha pili.

"Mbona hiki ni cha kwanza?" aliuliza.

Nekesa aliinamia kikombe chake. Yeye na Jerotich walilala chumba kimoja. Alfajiri ile alimsikia akitapika mara mbili, kisha akamsikia akiuliza, taratibu kama mtoto, hapa ni nchi gani.

Muuguzi akaja na karatasi yake. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye adabu za kale.

"Nahodha, mwenzako ameamkaje?"

Nekesa aliwaza juu ya benchi la wachezaji wa akiba. Wawili walikuwa wamevunjika mifupa. Aliyebaki hakuwa na uzito wa kuziba pengo lile.

"Ameamka salama, Mama."

"Salama kabisa?"

"Salama tu, Mama."

Muuguzi akatia sahihi. Je, mnamlaumu? Kwetu sisi, ni nani aliyewahi kuulizwa ameamkaje akajibu kwamba ameamka vibaya? Na muulizaji, ni lini alisimama kungoja jibu jingine?

Walipopanga mstari kuingia uwanjani, Jerotich alimshika nahodha wake mkono.

"Dada Nekesa, leo tunacheza na nani?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho. Muuguzi alikuwa hatua kumi nyuma yao.

"Wewe shika mpira tu, mdogo wangu. Mimi niko kando yako."

Dakika ya thelathini na moja Jerotich aliubeba mpira, akakabwa kiunoni, kihalali kabisa, akaanguka. Hakuinuka. Alifariki hospitalini saa mbili usiku huohuo, kabla medali yake haijatolewa kwenye kasha. Maana walishinda, ndugu zangu. Kumi na sita kwa kumi na mbili.

Jumanne, tarehe 17, mama yake Jerotich alikuja uwanja wa ndege kumpokea binti aliyekuwa sandukuni. Alimkuta Nekesa kwanza, na kwa kuwa alilelewa vyema, alisalimu kabla ya kulia.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri, mama," Nekesa alijibu. Neno lilikwisha kutoka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Tusimcheke. Leo asubuhi, pale mlangoni pa kanisa, sisi sote tumesalimiana. Ni nani kati yetu aliyesema "mzima" huku nyumba yake inaungua? Na ni nani aliyeuona moshi machoni pa jirani yake, akaupokea uzima ule upesi kwa sababu ulimfaa, kwa sababu kwaya ilipungukiwa sauti, au mkutano ulihitaji mtu? Sisi ndio wenye karatasi. Sisi ndio tunaotia sahihi.

Mwenyekiti wa timu, akihutubia mazishini Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba, alisema kwamba Jerotich aliangushwa na mpinzani dakika ya thelathini na moja. Nasahihisha. Aliangushwa saa tatu asubuhi, mezani, na mtu aliyempenda.