Fisi Apewa Kipenga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Kiwanja cha watoto!
Na pembeni?
Wazazi wenye midomo!
Basi fungeni yenu, nifungue wangu.

Hapo kale palikuwa na shule ya watoto wa wanyama. Mwalimu wake alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na moyo mfupi. Kila Jumamosi watoto wadogo walicheza mpira, timu mbili, Bondeni na Kichakani. Wazazi walipika sufuria moja ya pilau ya kambare, na mechi ikiisha, waliofunga na waliofungwa walikula pamoja, vidole vikigongana. Ndiyo ilikuwa desturi.

Mpaka alipokuja Fisi.

Kikao cha wazazi, Fisi haji. Kufyeka kiwanja, Fisi haji. Siku ya mechi, Fisi huyo! Anasimama mstarini, ananguruma: "Mkanyage! Mng'oe! Kifimbo, wewe ni mtoto au gunia la pumba?" Naye Kifimbo, mwanawe, mchezaji wa Bondeni, akiisikia sauti ile miguu inapishana, mpira unamponyoka, anaanguka, pu!

Jumamosi moja Fisi alinusa sufuria, mate yakamdondoka, do, do, do. Akatangaza: "Kuanzia leo mshindi anakula peke yake, yeye na mzazi wake. Aliyeshindwa alambe vumbi!"

Kima akajikuna. Kobe akaingiza kichwa ndani. Mwalimu Korongo akasema, "Ni wazo... ni wazo zuri, mzee."

Bi Nguchiro alikuwa akipuliza moto. Aliposikia hayo, akaacha kupuliza. Mwanawe Kijiti alichezea Kichakani, na Kichakani ni vijitoto, hawajawahi kuifunga Bondeni tangu shule ijengwe.

"Mama," Kijiti akanong'ona, "sasa tucheze kwa nini?"

"Nyie chezeni. Ya sufuria niachie mimi."

Akaupangusa moshi machoni, akakumbuka kikao cha wazazi, akatabasamu. Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Baba Kifimbo."

"Marahaba, kijimkia. Unataka nini?"

"Nakuonea huruma. Sauti yote hiyo unaimwaga mstarini! Refa wetu Kanga pumzi hana, macho hana. Mechi kubwa namna hii angeichezesha mwanamume."

Fisi akavimba. "Refa ndiye anayesema hili bao, hili si bao?"

"Ndiye."

"Ndiye anayetoa penalti?"

"Ndiye, baba."

"Lete kipenga!" Akampokonya Kanga, nyaku!

Mechi ikaanza. Kijiti akigusa mpira, prii! Penalti kwa Bondeni! Kijiti akianguka, prii! Penalti kwa Bondeni! Kijiti akipiga chafya, prii! Penalti kwa Bondeni!

Lakini mdomo wenye kipenga hautukani. Kiwanja kikatulia. Kifimbo akasimama, akasikiliza, hakusikia gunia la pumba. Akauchukua mpira, akapiga chenga moja, akapiga chenga mbili, akaachia shuti, paa! Bao la haki, bila penalti.

Kijiti akampa mkono. "Bao safi, bwana."

"Kweli?"

"Kweli! Kumbe baba yako akinyamaza unajua mpira!"

Prii! Mwisho. Bondeni saba, Kichakani mikono mitupu. Fisi mbio mpaka kwenye sufuria. Akamkuta Bi Nguchiro kaketi juu ya mfuniko.

"Taratibu, baba. Unakula kama nani?"

"Kama mzazi wa mshindi!"

"Ahaa, mzazi. Mwalimu, kikaoni tulisemaje kuhusu mzazi anayechezesha mechi ya mwanawe?"

Korongo akaangalia kucha zake. "Mechi... mechi inafutwa."

"Ikifutwa, mshindi ni nani?"

"Hakuna. Watoto wote wanakula."

Fisi akaruka. "Basi mimi si mzazi! Mimi ni refa!"

"Vizuri sana. Na refa, jamani?"

Hapo wazazi waliokuwa wamejificha wakapata sauti, kila mmoja shujaa. Hata Kobe akatoa kichwa. "Refa hali chakula cha mechi aliyoichezesha!"

"Nani kasema?"

"Sisi, kikaoni! Kiti chako kilikuwa wazi!"

Fisi akabaki na ujanja mmoja. "Sawa! Mshindi ale! Kifimbo, mwanangu, chukua sufuria yote, utanimegea baba yako."

Kifimbo akaitazama sufuria. Akamtazama baba yake.

"Lakini umesema wewe si mzazi," akajibu. Kisha akageuka. "Kijiti! Waite wenzako, pilau inapoa."

Wakala wote mpaka ukoko ukalia kwaru, kwaru. Fisi akaondoka akicheka hii-hii-hii, kicheko cha njaa, na mpaka leo kicheko chake hakina furaha.

Hadithi yangu nimeitua hapo jikoni, mwenye nafasi tumboni aiokote.

Na funzo lake? Wazazi wenzangu, mmesikia wenyewe. Msipokee kazi yoyote shuleni, mtalala njaa. Vikaoni msiende, viti ni vigumu. Sisi tusimame mstarini, tuwatukane watoto wa wenzetu mpaka mishipa itutoke. Kisha twende tukamwombe Mungu atujalie watoto wenye adabu, nao watege masikio vizuri tunapoomba, maana sauti zitakuwa zimeshatukauka.