Ndoano za Mama Kezia

Marekani ilipokuwa taifa changa, Waingereza na Wafaransa walikuwa wakipigana baharini, nayo ikakataa kuegemea upande wowote. Bandari moja ikaweka sheria: chombo cha adui mmoja kikitoka, cha mwenzake kisubiri siku nzima. Mizinga ya ngome ilisimamia hilo.

Nahodha Pembroke wa manowari ya Kiingereza akamwendea Kezia, mjane mwenye meli ndogo ya unga.

"Mama, manowari yangu imepungukiwa watu. Nipe mabaharia wako kumi."

"Hapa bandarini huwagusi, bwana."

"Basi ukitoka tu, nakufuata, nawachukua wote!"

"Natoka kesho asubuhi. Karibu sana!" Kezia akacheka, akaenda zake kununua ndoano.

Asubuhi meli yake ikang'oa nanga. Pembroke alipotweka matanga, mizinga ikamgeukia.

"Kuna nini?" akafoka.

"Chombo cha Kifaransa kimetoka sasa hivi," mkuu wa bandari akamjibu. "Subiri hadi kesho."

Pembroke akachungulia. Nje ya bandari palielea kitumbwi chenye bendera ya Kifaransa, na ndani yake mpishi mnene wa Kifaransa akivua samaki.

"Haya, nitatoka kesho!"

"Sijui, Nahodha. Mama Kezia amempa mpishi huyo ndoano na chambo cha kuvulia kila asubuhi, mwezi mzima."