Wapanda Farasi Waliofungwa Waya

Leo nitawapa bwana mmoja mwende naye nyumbani. Mji wake siutaji, maana nikiutaja tu mtaanza kugeukiana hapo kwenye mabenchi. Ni bwana mwenye kazi nzuri, mke hajapata bado, nyumba yake safi, maneno yake ya adabu. Ila ana jambo lake moja. Anakusanya midoli.

Msicheke! Nimesema anakusanya, sikusema anaichezea. Kuna tofauti, na yeye mwenyewe angewaeleza mpaka mchoke. Hii ni midoli ya mashujaa wa zile sinema za falme za kubuni, zenye majoka yanayotema moto na wachawi wenye ndevu za kufika magotini. Shujaa mwenyewe hazidi urefu wa kiganja, lakini amekamilika, jamani. Ana farasi wake, tandiko, hatamu, upanga, ngao, kofia ya chuma, na vikorokoro vingine vidogo kama punje za mchele. Ukimchungulia mfalme wao ndani ya boksi utasema anapumua.

Sasa sikieni kanuni ya watu hawa. Mdoli haufunguliwi. Unanunuliwa na boksi lake lenye kidirisha cha nailoni, na humo ndani shujaa kafungwa vijiwaya kiunoni, mikononi na shingoni, vile vijiwaya vya kufungia mfuko wa mkate. Basi, anakaa hivyohivyo. Thamani yote iko kwenye boksi ambalo halijaguswa, na ukilifungua tu umejiharibia. Bwana wetu alikuwa na ukuta mzima wa maboksi, na hajawahi kumgusa farasi wake hata mmoja. Hebu niambieni, farasi wa hivyo ni wa nani?

Mjini pale palikuwa na chama cha wakusanyaji. Watu wazima na heshima zao: daktari wa meno, wakili, mwenye duka la vioo. Kuingia humo si lelemama. Wanakuja kwako, wanakagua boksi mojamoja, na mwenyekiti wao anavaa glavu nyeupe asije akaacha alama ya kidole. Bwana wetu aliomba, akaomba tena, mpaka wakamwambia, haya, Jumamosi tunakuja. Alifurahi usingizi ukamruka. Hakuna alichokitaka duniani kama kuitwa mwenzao.

Wiki hiyohiyo mama yake akafika kutoka kijijini.

"Mwanangu, nimekuja tukae," mama akasema.

"Karibu, mama, hapa ni kwako," akajibu. "Ila kile chumba cha maboksi, tafadhali, usikiguse."

Kila jioni mama anaketi sebuleni anamngoja, na kila jioni bwana yuko chumbani na kitambaa chake, anapangusa vumbi. Mama anaita, "Njoo basi tuongee, baba." Naye anajibu, "Kesho, mama. Jumamosi ikishapita, mimi ni wako." Mnamjua huyo Kesho? Ana jamaa wengi hapa kanisani.

Jumamosi asubuhi bwana akatoka kununua soda na sambusa za wageni. Mama akabaki. Na mama ni mama, hawezi kukaa bure kwenye nyumba inayosubiri wageni. Akashika ufagio, akafagia sebule, akafagia ukumbi, akafika kwenye mlango wa kile chumba. Akasita kidogo. Halafu akaingia, kufagia tu.

Bwana aliporudi alikuta maboksi matupu yamepangwa vizuri mlangoni kama viatu vya msibani. Akaingia mbio. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, jeshi zima lilikuwa limejipanga, mapanga juu, farasi mbele.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimewafungua," mama akasema, uso umemchanua, kiganja kimejaa vijiwaya. "Baba, watu wazima na silaha zao, umewafunga shingo kama mbuzi wa mnadani! Wamekukosea nini?"

"Hawafunguliwi hawa! Mama, hawafunguliwi!"

"Na walinitoa jasho, nakwambia. Nawasimamisha, wanaanguka. Natazama miguu, wote wana matege. Nikasema, kiwanda gani hiki kinatoa watu wenye matege? Halafu nikamjaribu mmoja juu ya farasi. We! Akakaa kama kazaliwa hapo. Kumbe miguu yao haina kasoro yoyote, mwanangu. Walikuwa wamekosa farasi tu."

Bwana alifungua kinywa amkaripie mama yake mzazi. Mara hodi! Chama chote kiko mlangoni.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti akasema.

"Marahaba, wanangu, karibuni sana. Pole, baba, mikono imeungua?"

Mwenyekiti akazitazama glavu zake. Wakaingia, wakasimama mbele ya ile meza. Bwana wetu aliona yamemwisha, akaegemea ukuta. Mwenyekiti akainama amtazame mfalme juu ya farasi wake, hatamu mkononi.

"Mshike tu," mama akamwambia. "Haumi."

Mwenyekiti akavua glavu moja. Akamchukua farasi kwa vidole viwili, akamtembeza ukingoni mwa meza, na, ndugu zangu, mtu mwenye mvi zake, akapiga ulimi: ko-koto, ko-koto, ko-koto!

Kwisha habari. Wakili akanyakua joka. Daktari wa meno akapiga magoti kwenye zulia, akaanza kujenga ngome kwa yale maboksi matupu. Mwenye duka la vioo alikuwa analia kwa kucheka, maana yeye shujaa wake alishakufa mara tatu na bado anakataa kulala chini. Wakacheza mpaka sambusa zikaisha na jua likashuka.

Wakati wa kuaga, mwenyekiti akajikohoza. "Ndugu, kwa kanuni zetu hatuwezi kukupokea. Huna hata boksi moja zima." Halafu akamgeukia mama, kaishusha sauti. "Mama, na kwangu utakuja lini?"

"Na kwangu!" wakili akadakia.

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wanangu, mimi kesho asubuhi narudi. Nilikuja kukaa na huyu, na siku zangu zimekwisha."

Neno lile lilimchoma mwanawe kuliko maboksi yote. Siku zimekwisha? Na hajakaa naye hata jioni moja! Wageni walipotoka tu akakimbilia jikoni, angalau amchemshie mama chai, na pale kando ya jiko akaona kikapu. Kikapu cha mama. Kimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo lilelile lililofungwa kijijini. Tangu mama alipokiweka pale hakuna aliyeuliza kina nini.

Akakifungua. Maparachichi yameoza yote. Ndizi zimekuwa nyeusi.

"Mama," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ukifungue mwenyewe, baba."

Wakaokoa ndizi zilizokuwa bado zinafaa, mama akaziponda na unga, mwanawe akakaanga, akaunguza za kwanza, wakacheka. Wakakaa hapohapo jikoni wakila na kuongea mpaka jiko likapoa.

Ndugu zangu, yule mfalme wa plastiki angeweza kukaa kwenye boksi lake miaka hamsini, na bei ingepanda. Parachichi halikai. Na sisi tunaviweka vyote rafu moja! Tuna vikombe vya wageni kabatini, sawa, hivyo vitangoja, vikombe havina haraka. Lakini tumeweka humohumo kabatini na ile "nisamehe" ya kumwambia kaka. Tumeweka na ile "asante" ya mke, imefungwa waya shingoni, tunasema Jumamosi ikishapita. Nani katuambia itakuwa bado inafaa? Mungu ametuwekea kikapu jikoni, na sisi tuko chumbani tunapangusa maboksi.

Sasa, hapa ndipo huwa tunasoma matangazo. Leo hayasomwi. Wazee wa kanisa, msinikunjie uso. Wewe ambaye mama yako yuko nyumbani, au baba, au yeyote uliyemwambia kesho, chukua mwavuli wako uende. Ndiyo, wewe. Nenda sasa hivi, sisi tutakuimbia wimbo wa mwisho.