Gramu Ishirini za Elinami

Hii nimeipata kwa rafiki yangu anayefundisha kemia. Isome taratibu, kisha mpelekee mwenzako.

Profesa Mchomvu alikuwa na tanuri moja la maabara na nafasi moja ya mtu wa kulisimamia. Waombaji walikuwa wawili, Nyamizi na Elinami, na wote walikuwa wamemaliza mwaka mzima bila kazi.

Aliwapa kila mmoja gramu kumi za unga wa kijivu. Ndani yake mlikuwa na mirija ya boroni na naitrojeni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, imechanganyika na mabaki ya boroni ambayo hayakugeuka mirija wakati wa kutengenezwa.

"Nileteeni mirija mitupu," alisema. "Ikiwa na uchafu haitashikana na plastiki tunayotaka kuiimarisha, na kazi yetu yote itakuwa bure."

Siku ya tatu Nyamizi alileta kichupa cha gramu nne. Alikiweka mezani bila kumtazama mtu. Elinami alileta gramu ishirini, nyeupe pee, na tabasamu juu.

"Elinami, nilikupa ngapi?" Profesa aliuliza.

"Kumi, Profesa."

"Ukasafisha, zikawa ishirini?"

Elinami aliuchoma unga vizuri tu, kama inavyotakiwa. Boroni iliungua, ikanyonya oksijeni ya hewani, ikawa nyeupe na nzito kuliko mwanzo. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuiosha kwa maji ya moto, iyeyuke iende zake.

Profesa akachemsha maji, akaosha, akachuja, akakausha. Kwenye karatasi ya kuchujia zilibaki gramu nne.

"Kumbe tuko sawa," Elinami alisema.

"Mirija yenu iko sawa. Kwa nini hukuosha?"

"Niliosha kijiko kimoja, karibu chote kikapotea. Nikaogopa nitakuja kwako mikono mitupu."

Profesa akamgeukia Nyamizi. "Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana, Profesa. Nilikuwa naosha huku nalia, nikijua kazi ndiyo inakwenda na maji."

Profesa akatoa ufunguo wa tanuri mfukoni, akamkabidhi Nyamizi.

Funzo: Tunachoogopa kukipoteza wakati wa kujisafisha mara nyingi ndio uchafu wenyewe. Osha mpaka mwisho, hata kama kitakachobaki ni kidogo.